Nyota ya leza inapodanganya kipimo cha darubini

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasaga lenzi kwenye duka moja la miwani Kariakoo, na kuna wiki wateja walikuwa wanarudi mmoja baada ya mwingine, huyu kichwa kinamuuma, huyu sakafu inaonekana imeinuka, na mi kila nikichukua lenzi yake naipima kwenye lensomita naambiwa iko sawasawa na cheti cha daktari. Siku tatu nzima nabishana na watu kuhusu macho yao wenyewe. Kumbe lensomita sifuri yake ilikuwa imehama robo (robo ya kipimo kimoja cha nguvu ya lenzi), yaani ukiiacha tupu bila lenzi ilitakiwa isome sifuri na yenyewe inasoma robo, kwa hiyo kila lenzi niliyosaga nilisaga vizuri kabisa kufuata kipimo ambacho si cha kweli. Wale wateja mpaka leo nawakumbuka, maana walikuwa wanasema ukweli na mi nilikuwa naamini mashine.

Hicho ndo kitu kilichonijia kichwani nilipoanza kusoma habari za zile darubini kubwa zinazorusha leza ya rangi ya chungwa angani usiku. Picha zake watu wengi wameziona mtandaoni na wengi wanadhani leza ile inapiga nyota au inatafuta viumbe huko juu. Hapana. Ile leza inatengeneza nyota ya bandia ya kupimia hewa, na hadithi yake nzuri kwangu haiko kwenye leza yenyewe, iko kwenye makosa yake, kwa sababu ile nyota ya bandia inadanganya kwa njia nyingi na kila uongo una chanzo chake kinachoeleweka kabisa.

Tuanze na hewa. Simama pale Kivukoni usiku utazame taa za Kigamboni ng'ambo ya maji, hasa siku ambayo mchana jua lilichoma kweli, utaona taa zinatetemeka. Au mtazame mtu aliyesimama nyuma ya jiko la mkaa la muuza chips, uso wake unacheza kama uko chini ya maji. Hewa ya moto na hewa ya baridi zinapinda mwanga tofauti kidogo, zikichanganyika mwanga unapindwa huku na huku. Nyota kumetameta ni jambo hilo hilo. (Sayari hazimeti sana kwa sababu sisi tunaziona kama kiduara chenye upana japo kidogo, hivyo kumetameta kwa pande zake kunafidiana, nyota yenyewe ni kinukta tu.)

Sasa mwanga wa nyota unaposafiri huko mbali unakuja ukiwa umenyooka kama shuka lililopigwa pasi, huo ndo mafundi wa optiki wanauita uso wa wimbi. Ukifika kwenye hewa yetu, kilomita 10 mpaka 20 tu za mwisho, shuka linakunjamana. Hata kule milimani kwenye hewa tulivu, kama jangwa la Atacama huko Chile, kipande cha shuka kinachobaki kimenyooka kwa mwanga tunaouona kwa macho ni kama sentimita 10 mpaka 20 hivi kwa upana. Maana yake ni kwamba darubini yenye kioo cha mita 8 isiporekebishwa inakusanya mwanga mwingi kweli, lakini ukali wa picha ni wa kidarubini cha kwenda nacho begani. Hilo linauma ukifikiria hela na jasho lililotumika kusaga kile kioo.

Mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock akapendekeza dawa, kwamba pima mikunjo ya lile shuka halafu tumia kioo kinachoweza kujikunja kinyume chake, mikunjo ifutane. Wazo liliitangulia teknolojia kwa miaka mingi lakini saivi lipo, linaitwa adaptivu optiki. Pale Paranal, Chile, darubini inayoitwa Yepun yenye kioo kikuu cha mita 8.2 ina kioo cha pili cha upana wa mita 1.12, chembamba kama milimita 2 tu, na nyuma yake kuna visukumizi 1170 vinavyokiminya na kukivuta kila mara, mamia ya mara kwa sekunde mpaka kufika elfu moja. Vitu vya namna hii nikivisoma naacha kazi nakaa chini kwanza.

Kinachokiambia kioo kijikunje vipi ni kamera ya kupima wimbi. Aina inayotumika sana inaitwa Shack-Hartmann, na mantiki yake mtu wa lenzi anaielewa haraka. Unachukua mwanga wa nyota unaupitisha kwenye vilenzi vidogo vidogo vingi vilivyopangwa kama trei ya mayai, kila kilenzi kinatengeneza nukta yake. Shuka likiwa limenyooka, kila nukta inakaa katikati ya kijumba chake. Likiwa limekunjwa, nukta zinahama, hii kushoto hii juu, na ukipima zimehama kiasi gani unajua mwinamo wa shuka sehemu ile, ukiunganisha miinamo yote unapata sura nzima. Kwa hiyo kumbuka hili kwa yote yanayofuata: mashine nzima inategemea kujua katikati ya nukta iko wapi. Nukta ikihama kwa sababu isiyo ya hewa, kioo kitajikunja kurekebisha ugonjwa ambao haupo, na kitafanya hivyo kwa ustadi wote, kama mi na lile robo.

Ila kamera hii inataka nyota angavu, na iwe karibu kabisa na kile unachokitazama, maana ukitoka pembeni kidogo hewa si ile ile tena. Nyota angavu hazijatapakaa angani kama tunavyodhani, sehemu kubwa ya anga haina nyota inayofaa. Ndo likaja wazo la kutengeneza nyota yako mwenyewe. Jeshi la Marekani lilikuwa nalo kwa siri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wafaransa Renaud Foy na Antoine Labeyrie wakaliandika hadharani mwaka 1985 bila kujua ya wenzao, na mwaka 1991 Wamarekani wakaitoa siri yao nje.

Nyota hiyo inatengenezwaje? Mwaga chumvi kidogo kwenye moto wa jiko la gesi, au acha maji ya wali wenye chumvi yafurike, utaona moto wa bluu unageuka njano ya kuelekea chungwa. Hiyo ni sodiamu ya kwenye chumvi, inatoa mwanga wa nanomita 589 (huo ni urefu wa wimbi lake, nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni). Sasa kule juu, kama kilomita 90 kutoka ardhini, kuna tabaka la atomu za sodiamu lenye unene wa kilomita 10 hivi, zimeachwa na vimondo vinavyoungua vikiingia angani. Ni chache mno, ukizikusanya za dunia nzima ni mzigo wa kirikuu moja au mbili. Ukirusha leza ya nanomita 589 hasa, atomu zile zinaunywa mwanga na kuutoa tena, na kutoka chini unaona kinukta kinang'aa. Yepun tangu 2016 ina leza nne, kila moja wati 22, yaani kila moja ni kama balbu kubwa ya LED, ila nguvu yote imebanwa kwenye mwonzi mmoja na rangi moja.

Hapo ndo inapoanzia shida, na yote inatokana na jambo moja: nyota ya kweli iko mbali kiasi kwamba kwetu ni sawa na hakuna mwisho, na ya leza iko kilomita 90. Ni kutoka Dar kuelekea Chalinze na hujafika.

Chukua umbo la mwanga kwanza. Mwanga wa nyota ya kweli unashuka kama bomba, upana ule ule wa kioo kuanzia juu mpaka chini. Wa nyota ya leza unaanza kwenye nukta moja na kutanuka, kwa hiyo ni koni, kama ile karatasi ya kufungia karanga iliyogeuzwa chini juu. Kwenye urefu wa kilomita 10, ambako upepo mkali wa juu unasukasuka hewa, koni ya darubini ya mita 8.2 imeshapungua mpaka mita 7.3. Ile hewa ya pembeni mwanga wa nyota ya kweli unaipitia, wa leza hauipitii kabisa. Na hata ile ya ndani inapimwa kwa kunyofolewa sehemu isiyo yake, mwonzi wa ukingoni umehama karibu nusu mita kutoka mahali unapotakiwa kuwa, na kumbuka kipande kinachonyooka ni sentimita 10 mpaka 20. Darubini ikiwa kubwa kosa linakua. Ile ya ELT inayojengwa kwenye mlima Armazones, Chile, kioo chake ni mita 39, ukingoni kwenye urefu huo huo mwonzi unahama zaidi ya mita 2. Dawa ni leza nyingi, koni kadhaa zinazoingiliana, kompyuta inaunganisha vipimo vyao kujenga picha ya hewa tabaka kwa tabaka, kazi inayofanana na mashine ya siti-skani hospitali. Mwaka 2018 Yepun ilitumia leza zake nne hivyo hivyo kupiga picha ya sayari Neptune, ikatoka kali kuliko za darubini ya Hubble iliyoko nje ya hewa kabisa. Kutoka ardhini! Naomba mtu akizitazama zile picha akumbuke kwamba chini yake kuna hesabu ya koni.

Kosa la pili ndo linalonishangaza zaidi ya yote. Leza inapanda kupitia hewa ile ile ambayo mwanga wake utashuka nayo. Safari ya kwenda na kurudi, kilomita 180, inachukua kama sekunde 0.0006 tu, hewa haijapata hata muda wa kubadilika. Sasa hewa ikiupeleka mwonzi kulia wakati wa kupanda, wakati wa kurudi inaurudisha pale pale, na kamera inaona nukta haijasogea. Ni kama kumtuma mtu akakupimie njia halafu anarudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, hawezi kukwambia njia ilipinda wapi. Kwa hiyo nyota ya leza haiwezi kukwambia picha nzima inayumba kiasi gani. Na kwenye hesabu za nadharia ya msukosuko ya Kolmogorov, kule kuyumba kwa picha nzima ndo kunabeba kama asilimia 87 ya uharibifu wote! Yaani kipimo kikubwa kuliko vyote ndo nyota yako ya bandia haikijui.

Ndo maana hata ukiwa na leza bado unahitaji nyota ya kweli ya kupimia kuyumba. Nafuu yake ni kwamba inaweza kuwa hafifu sana, kwa sababu hapa huhitaji kugawa mwanga kwenye vilenzi mamia, unautumia wote kutafuta nukta moja imeenda wapi, tena inaweza kukaa mbali kidogo na kile unachokitazama. Nyota hafifu zipo nyingi. Kwa njia hiyo, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Andrea Ghez na wenzake kwenye darubini ya Keck kule Hawaii walikuwa wanafuatilia nyota zinazozunguka katikati ya galaksi yetu, moja ikimaliza mzunguko kwa miaka 16 hivi, na kazi yake pamoja na ya Reinhard Genzel na timu yake huko Chile ikaonyesha pale katikati kuna kitu cha uzito wa jua milioni 4, wote wawili wakapata Nobel 2020 pamoja na Roger Penrose. Sehemu yenyewe, mwezi wa saba na wa nane usiku ukiwa hapa Dar inapita kusini kidogo ya utosi, kwenye kundi la Mshale, hata ukiwa juu ya paa Mbagala unaweza kunyoosha kidole.

Kosa la tatu ni la fokasi, na hapa mtu wa miwani anajikuta nyumbani. Lile tabaka la sodiamu halitulii, linapanda na kushuka, makumi mpaka mamia ya mita ndani ya dakika chache. Tabaka likipanda, nyota ya leza imesogea mbali, fokasi yake imebadilika. Kamera haina namna ya kujua kama fokasi imebadilika kwa sababu ya hewa au kwa sababu nyota yenyewe imehama. Inapiga ripoti ile ile, kioo kinarekebisha, na picha ya galaksi ambayo ilikuwa sawa inatoka nje ya fokasi. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: tabaka likisogea mita 100, kwenye darubini ya mita 8 kosa la wimbi ni kama nanomita 28, unaweza kuishi nalo. Kwenye ya mita 39 ni karibu nanomita 680, zaidi ya wimbi zima la mwanga wa kijani. Sababu ni kwamba kosa linakua kwa mraba wa kipenyo cha kioo, mara 24 hivi. Na hapo sijagusa kwamba darubini ikiinama digrii 60 kutoka utosini umbali wa kufika kwenye tabaka unakuwa mara mbili, ila hiyo angalau inajulikana mapema na inafuatiliwa kwa hesabu. Kinachouma ni kile kisichotabirika.

Halafu kuna unene wa tabaka. Kilomita 10 za unene maana yake nyota ya leza si nukta, ni kijiti kilichosimama. Ukikitazama kutoka chini yake kabisa unaona nukta, ukisogea pembeni unaona kijiti kwa ubavu, kama unavyoitazama nguzo ya umeme ukiwa chini yake na ukiwa ng'ambo ya barabara. Kilenzi kilicho mita 4 kutoka pale leza inaporushiwa kinaona nukta imevutika kama sekunde moja ya tao (digrii moja ukiigawa mara 3600), ambayo ni upana wa nukta yenyewe, si mbaya. Kilenzi kilicho mita 39 mbali, kama upande wa pili wa kioo cha ELT leza ikirushwa kutoka ukingoni, kinaona mstari wa kama sekunde 10 za tao. Mwanga ule ule umetandazwa kwenye pikseli nyingi, kila pikseli ina kelele yake (yaani makosa madogo ya ovyo), kutafuta katikati inakuwa kubahatisha zaidi. Na ule mstari ukizidi kijumba chake unakatwa ncha, na kitu kilichokatwa ncha moja katikati yake si katikati tena.

Kibaya zaidi, sodiamu haijapangwa sawasawa ndani ya lile tabaka. Kuna wakati inajikusanya juu, wakati chini, wakati inatokea mistari miembamba mizito ghafla halafu inapotea. Kwa hiyo katikati ya mstari inahama bila hewa kuhusika hata kidogo, na kwa vile mivutiko ya vilenzi vyote inaelekea pale leza ilipo, makosa hayatawanyiki ovyo yakafutana, yanajipanga. Hilo ndo la kuogopwa. Kelele za ovyo ukizichukulia wastani zinapungua, kosa lililojipanga ukilichukulia wastani linabaki vile vile. Kwenye benchi langu mkono unaotetemeka ulikuwa unanipa lenzi mbaya moja moja, sifuri iliyohama ilinipa wiki nzima ya lenzi mbaya za aina moja.

Mengine nayapitia haraka. Kamera kusoma, kompyuta kukokotoa na kioo kusogea vinachukua milisekunde kadhaa na hewa imeshasonga mbele. Mwanga wa leza unatawanywa na hewa ya chini kabla haujafika kwenye sodiamu, na kama leza zimerushwa kutoka katikati ya darubini ule ukungu wa leza moja unaangukia vilenzi vinavyotazama leza nyingine, wenyewe wanaita leza kuua ndugu zake, na iliwasumbua watu wa darubini ya Gemini South, nayo iko Chile, yenye nyota tano za leza. Kuzirusha kutoka pembeni kunaiondoa karibu yote, ila ndo unauongeza ule mvutiko wa kijiti, huku unapata huku unapoteza. Na kiasi cha sodiamu chenyewe kinabadilika na majira, wakati wa baridi inakuwa nyingi, kiangazi chao kule Chile nyota inafifia.

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, siku namweleza haya aliniuliza, "Sasa mjomba, wao walijuaje sifuri imehama? Wateja wao ni galaksi, hazirudi dukani kulalamika." Swali lake ni zuri kuliko nilivyotegemea, na jibu lipo. Wanatafuta nyota ya kweli hafifu, mara nyingi ile ile ya kupimia kuyumba, wanaipa kamera ya pili ya kupima wimbi inayoitazama polepole, sekunde kadhaa au makumi ya sekunde kwa kila kipimo, ili mwanga mdogo ule ukusanyike. Kwa kasi hiyo haiwezi kufuata hewa, na hatuitaki iifuate, kwa muda mrefu namna ile hewa inajifuta kwenye wastani na kinachobaki ni yale makosa yaliyojipanga: fokasi iliyohama na tabaka, katikati iliyovutwa na mistari ya sodiamu. Kinachoonekana pale kinatolewa kwenye sifuri ya kamera ya leza, na kazi inaendelea. Ya leza inakimbia, ya nyota inaisahihisha. Kwa mtikisiko wa fokasi ulio wa haraka zaidi, kwenye ELT hata hiyo polepole haitoshi, itabidi nyota za kweli zipimiwe fokasi kwa kasi, na ndo maana hata darubini yenye leza sita hivi na kioo cha kujikunja chenye visukumizi zaidi ya 5000 bado itaanza usiku wake kwa kutafuta vinyota hafifu vya kweli karibu na kila inachotaka kukitazama, na visipopatikana, watahamia sehemu nyingine ya anga.